Kufufua Hilux ya zamani na kuihamishia injini ya 3L

Mtu akikuta Hilux ya zamani imelala chini ya mwembe, swali lake la kwanza huwa moja: niweke injini gani? Jibu langu ni 3L, injini ya dizeli ya Toyota (hilo ni jina lake, si lita tatu), lakini naomba swali hilo lisubiri kidogo. Gari hilo lililazwa na kitu fulani, na usipokijua, kitu hichohicho kitaiua na injini utakayoileta kwa gharama.

Nazungumzia hasa Hilux za dizeli zilizoanza kutoka mwaka 1983, zile ambazo kibati chake kimeandikwa LN50, LN55, LN60 au LN65. Mbili za kwanza huvuta kwa magurudumu ya nyuma tu, mbili za mwisho ni fowili. Nimekulia Lushoto, na gari la kwanza kulishika kwa mikono yangu ni LN65 ya baba mdogo, iliyokuwa ikishusha kabichi na mapeasi hadi Mombo na kurudi na mifuko ya saruji. Ilimfia kwenye mlima wa Soni, silinda hedi (kichwa cha injini kinachofunika silinda) imepasuka. Tukaweka hedi nyingine, ikapasuka. Tukaweka nyingine, nayo ikapasuka. Mara ya tatu ndipo tulipofanya kazi kwa mpangilio ninaoueleza hapa, na gari lile linafanya kazi mpaka leo.

Hatua ya 1: Gonga chesisi

Weka gari juu ya stendi nne imara. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja. Chukua nyundo ndogo, anzia nyuma ambako springi zinashikana na chesisi, uje mbele taratibu ukigonga kila baada ya kiganja kimoja.

Chuma kizima hulia, kinatoa mlio mkali unaosafiri. Chuma kilicholiwa hutoa sauti ya kufa, kama unagonga gunzi, na mara nyingine unga mwekundu unamwagika kutoka kwenye matundu ya chini. Kutu ya chesisi hizi huanzia ndani: sehemu kubwa ni boksi, matope yakiingia hayatoki, yanabaki humo yakishika unyevu msimu hadi msimu. Gari lililoishi Tanga mjini, Mombasa au Unguja lipitie mara mbili, kwa sababu chumvi ya bahari hufanya kazi hata usiku gari likiwa limeegeshwa. Shuku kwanza eneo la juu ya ekseli ya nyuma, mikono ya springi, na pale bodi ya kubebea mzigo inapofungwa kwa bolti.

Tundu moja au mawili ya kupita kidole yanatengenezeka. Lakini kama chesisi imeoza pande zote mbili juu ya ekseli, liache gari hilo utafute jingine. Najua inauma, hasa kama gari ni la marehemu baba au babu. Hata hivyo uzito wa tani moja ya mzigo utakaa hapohapo.

Ukiwa hapo mbele upande wa kulia, tafuta namba iliyochongwa kwenye chesisi yenyewe. Isafishe kwa brashi laini, isome, ilinganishe na kadi ya gari. Hapo pasiguswe na grainda wala kiraka.

Hatua ya 2: Karatasi kabla ya spana

Kadi ya gari inabeba namba ya chesisi na namba ya injini. Ukibadilisha injini, namba hiyo lazima ibadilike na kwenye kumbukumbu. Kwa Tanzania anza kwa kuuliza TRA (mamlaka ya mapato), kwa Kenya NTSA (mamlaka ya usafiri na usalama barabarani), na uulize kabla ya kununua ili ujue nyaraka gani utadaiwa. Kwa muuzaji wa injini dai risiti yenye namba ya injini na nakala ya karatasi za forodha. Muuzaji asiyeweza kukupa hivyo viwili, mshukuru uondoke, hata kama injini yake inang'aa.

Hatua ya 3: Kufungua

Piga picha kwa simu kila kitu kabla ya kukifungua: waya, mabomba, mahali kila bolti ilipotoka. Tafuta makopo ya maziwa, kila sehemu ya gari kopo lake, na ndani weka kipande cha karatasi chenye maelezo. Baada ya miezi mitatu hutakumbuka lolote.

Bolti zilizoganda zisilazimishwe. Zilowekee oili ya kupenya kutu jioni, zirudie asubuhi, na zikikataa zipashe moto kwa gesi ukiwa umeshatoa tangi la mafuta na kulipeleka mbali. Bolti iliyokatika ndani ya chesisi itakula nusu siku yako.

Hatua ya 4: Kuchomelea, breki na miguu

Ondoa betri, na uchomoe waya za altaneta, kabla ya mashine ya kuchomelea kuwashwa. Kata kutu yote mpaka ufike kwenye chuma cheupe, kisha weka kiraka cha chuma cha unene usiopungua ule wa chesisi. Kiraka cha chesisi usikikate mraba. Mshono uliosimama wima kutoka juu mpaka chini ndipo chesisi inapokatikia baadaye. Ncha za kiraka zichongwe kama za almasi ili mshono ulale mshazari na nguvu igawanyike. Ukimaliza, paka praima ya zinki, na ndani ya boksi nyunyiza nta au oili nzito ya kuzuia kutu kupitia matundu yaliyopo.

Breki za gari lililolala zote ni za kushukiwa. Mpira wa hozi unaweza kuonekana mzima nje huku ndani umevimba na kuziba. Badilisha hozi zote, raba za silinda za magurudumu na za masta silinda, mwaga mafuta ya zamani yote. Kuna kitu kimoja nyuma ambacho wengi hukisahau: valvu yenye mkono mrefu ulioungana na ekseli, inayopima mzigo na kuamua breki za nyuma zipate nguvu kiasi gani. Ukiongeza majani ya springi ili gari lisimame juu, mkono ule unashuka, valvu inadhani gari ni tupu daima, na breki za nyuma zinadhoofika wakati umebeba tani nzima. Ukinyanyua gari, rekebisha na mkono huo.

Bushi za springi, shokapu na beringi za magurudumu badilisha bila kufikiri sana. Ni gharama ndogo.

Hatua ya 5: Bodi

Inua zulia la kabini. Sakafu ikiwa imeoza chini ya miguu ya dereva, usianze na sakafu, anza na kioo cha mbele. Raba ya kioo iliyokauka hupitisha maji ya mvua, yanateremka nyuma ya dashibodi, yanatuama chini ya zulia. Ukitia bati jipya bila kubadilisha raba, mvua mbili za masika zinatosha kukurudisha hapo. Pembe za nyuma za kabini na sehemu ya chini ya milango nazo huoza kwa sababu hiyohiyo: matundu ya kutolea maji yameziba kwa vumbi. Yazibue kwa waya.

Fundi wa bodi akikuambia atafunika kutu kwa puti, kataa. Kutu ikatwe, bati jipya lichomelewe kwa vidoto vidogovidogo huku ukiruka kutoka upande mmoja hadi mwingine ili lisipinde kwa joto. Puti ni ya kusawazisha tu, tabaka jembamba. Rangi iachwe mpaka mwisho, baada ya injini kuingia na gari kutembea, maana minyororo na spana zitakwaruza.

Hatua ya 6: Tafuta kilichoua injini ya kwanza

Hapa ndipo ninapoomba usiharakishe. Hilux za dizeli za wakati huo zilitoka na injini ya L ya sisi (cc) 2188 au ya 2L ya sisi 2446. 2L inajulikana kwa kupasua silinda hedi, nyufa zikianzia katikati ya valvu. Watu husema ni ubovu wa injini. Kuna ukweli ndani yake, hedi haivumilii joto, lakini joto lenyewe lilitoka mahali.

Mpelekee fundi rejeta yako akufungulie tanki lake la juu. Sisi tulipofungua ile ya LN65, tulihesabu vijia vya maji kimoja kimoja kwa sindano ya kushonea magunia. Kwenye zaidi ya nusu ya vijia hivyo sindano haikupita. Ndani kulikuwa na udongo wa kahawia mgumu kama kigae, mabaki ya maji ya mtoni tuliyokuwa tukimwagia kila safari. Gari lilikuwa likipanda mlima kwa nusu rejeta, na hedi mbili tulizonunua zilikufa kwa ajili ya uchafu ule.

Kisha kagua thermostati. Mafundi wengi huitoa na kuitupa wakidhani injini itapoa zaidi. Kwenye injini hizi thermostati ina kazi mbili: inafungua njia ya kwenda kwenye rejeta, na wakati huohuo inaziba njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini. Ukiitoa, sehemu ya maji inapita mkato bila kupoozwa. Nunua mpya, na kabla ya kuifunga itumbukize kwenye sufuria ya maji jikoni. Inapaswa kufunguka kabla maji hayajatokota. Isiyofunguka irudishe dukani.

Kava la feni, lile duara la plastiki nyuma ya rejeta, liwepo na liwe zima. Bila hilo feni inazungusha hewa ileile ya ndani ya boneti. Feni yenyewe ina klachi ya mafuta: injini ikiwa imezimwa na ina joto, izungushe kwa mkono, inatakiwa iwe nzito. Ikizunguka kwa wepesi kama pia ya mtoto, imekwisha. Kifuniko cha rejeta nacho kiwe kipya, chenye presha sahihi. Na kuanzia siku hiyo tumia kuleti (maji maalumu ya kupoozea injini), sio maji ya mtoni wala ya bomba.

Hatua ya 7: Kwa nini 3L

Sasa injini. Pendekezo langu ni 3L, ya sisi 2779, silinda nne, bila tabo (turbo, feni ya kusukumia hewa ndani ya injini). Ni ndugu wa tumbo moja na L na 2L. Silinda ya 2L ina upana wa milimita 92 na mwendo wa milimita 92. Ya 3L ni 96 kwa 96. Umbo la nje ni lilelile, na giaboksi inayoshika 2L inashika 3L. Pampu yake ni ya kimakanika, haina kompyuta. Imefungwa kwenye Hiace na Hilux nyingi mno, kwa hiyo nozeli (vinyunyizio vya dizeli), gasketi na mkanda wa taimingi utavipata Korogwe au Voi bila kuagiza mbali. Kwa gari la kazi, hilo kwangu lina uzito kuliko nguvu za farasi.

5L ya sisi 2986 inaingia pia kwa njia ileile, mradi iwe yenye pampu ya kimakanika, isiwe 5L-E. Watu hutamani 1KZ-TE yenye tabo au 1HZ ya silinda sita. Ya kwanza inakuja na waya na kompyuta vyake, na joto ambalo rejeta ya gari hili haikuandaliwa. Ya pili ni ndefu na nzito, utakata na kuhamisha mambo mengi. Zinawezekana, nimeziona, lakini gari linakuwa la fundi mmoja tu anayelijua.

Injini za mtumba kutoka Japani zimejaa Gerezani Dar es Salaam, na kwa Nairobi maeneo ya Grogan na Kirinyaga Road. Unapokagua, fanya haya palepale:

- Fungua kifuniko cha oili. Ute mweupe kama mtindi ina maana maji yamekutana na oili.
- Tazama midomo ya mabomba ya maji. Kutu nyekundu nene inasimulia maisha iliyoishi.
- Izungushe kwa spana kwenye bolti ya krenki (shafti kuu ya injini), mizunguko miwili kamili. Isikwame popote.
- Toa hita plagi (plagi za kupasha silinda joto kabla ya kuwasha), pima kompresheni ikizungushwa na stata. Nzuri hufika takriban kilo 32 kwa sentimita moja ya mraba. Chini ya 20 usiiguse, na tofauti kati ya silinda isizidi 5.

Soma namba iliyochongwa kwenye bloku: lazima ianze na 3L. Kibandiko cha karatasi juu ya kava si ushahidi.

Hatua ya 8: Kazi ya nje, kabla haijaingia

Injini ikiwa chini kwenye turubai ndipo kila kitu ni rahisi. Badilisha mkanda wa taimingi na beringi zake hata kama unaonekana mpya. Kawaida yake ni kilomita 100,000, na hujui umeshatembea ngapi. Ukikatika, valvu zinakutana na pistoni. Badilisha pampu ya maji, sili za krenki mbele na nyuma. Seti tapeti, yaani nafasi ya valvu, injini ikiwa baridi: za kuingiza milimita 0.20 hadi 0.30, za kutolea 0.40 hadi 0.50. Peleka nozeli kwa fundi wa pampu mwenye mashine ya kupimia. Nozeli moja inayotiririsha badala ya kunyunyiza inatosha kutoboa pistoni.

Sasa laza injini mbili sambamba, ya zamani na mpya, na uzilinganishe kwa macho. Injini iliyotoka kwenye Hiace itatofautiana sampu (bakuli la oili chini ya injini), kifyonza oili, dipstiki, mikono ya mauntingi inayoshikilia injini na baadhi ya mabomba ya maji. Hamisha vya zamani vyako. Kwa fowili hili ni la lazima: sampu isiyo yake itakutana na ekseli ya mbele gari likiingia shimoni. Sampu, kifyonza na dipstiki vinahama pamoja, kwa sababu vipimo vyake vinategemeana.

Flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya injini), klachi na stata vitazame kama seti moja. Hesabu meno ya flaiwili zote mbili. Kama injini ilitoka kwenye gari la otomatiki, haitakuwa na flaiwili bali sahani nyembamba. Tumia flaiwili yako pamoja na bolti zake, maana bolti za sahani si saizi moja. Na usisahau kabeari kadogo kanakokaa mwishoni mwa krenki, kanakopokea ncha ya shafti ya giaboksi. Gari la otomatiki halinako.

Injini ya zamani usiiuze chuma chakavu mpaka mpya ikae barabarani mwezi mmoja. Kila siku utakuwa unairudia kuchukua bolti au bano.

Hatua ya 9: Kuingiza

Toa boneti na rejeta. Cheni bloku ifungwe kwenye boriti unayoiamini, na injini ishikwe kwa masikio yake mawili, isining'inizwe kwa kamba. Mwenzako mmoja avute cheni, mmoja aongoze. Klachi pleti iwe imeshawekwa katikati kwa shafti ya kulengea. Injini ikikataa kukaa milimita chache za mwisho, usiivute kwa bolti. Utavunja pleti au sikio la giaboksi. Zungusha krenki kidogo kwa spana huku mwenzako akisukuma, na itaingia yenyewe kwa mlio mmoja wa "tup". Ndipo ukaze.

Altaneta ya injini hizi ina pampu ya vakyumu mgongoni, inayolishwa oili na kupeleka nguvu kwenye busta ya breki. Ukiweka altaneta ya kawaida kwa sababu ni rahisi kuipata, gari litawaka vizuri na breki zitakuwa ngumu kama ukuta. Hakikisha hozi ya oili inayoingia na ile nene inayorudi zote zimefungwa.

Waya ni chache: wa solenoidi ya kukata dizeli juu ya pampu, wa hita plagi, wa altaneta, wa presha ya oili na wa joto la maji. Kihisi cha joto hamisha kile cha zamani, ndicho kinacholingana na geji yako. Hita plagi soma maandishi yake: ziko za volti 6 zinazotumika na kizuizi maalumu, na ukizipa volti 12 moja kwa moja zitaungua siku hiyohiyo. Funga waya mnene wa ethi kutoka injini hadi chesisi. Ukisahau huo, umeme wa stata utatafuta njia kupitia kebo ya akseleta, nayo itayeyuka mbele ya macho yako.

Hatua ya 10: Kuwasha na kupanda

Jaza oili, jaza kuleti polepole hita ya kabini ikiwa imefunguliwa. Badilisha chujio la dizeli, kisha pampu kwa mkono kwenye kitufe cha juu ya chujio mpaka kiwe kigumu. Legeza nati za mabomba kwenye nozeli, piga stata mpaka dizeli itoke bila mapovu, kaza moja baada ya nyingine. Kabla ya kulegeza nati hizo, chomoa waya wa solenoidi na uizungushe injini kwa stata hadi taa ya oili izime, kisha urudishe waya huo. Injini ikiwaka, usiipige resi. Iache isilensa, yaani iungurume polepole bila kukanyaga akseleta, ukizunguka nayo na tochi ukitafuta uvujaji, mpaka bomba la chini la rejeta lipate joto. Hiyo ndiyo thermostati imefunguka.

Kilomita 500 za kwanza usibebe mzigo. Mwaga oili, tazama kama ina vichuma, weka nyingine. Kisha jaribu mlima. Sisi tuliondoka Mombo saa nane mchana, jua kali, mifuko kumi ya saruji nyuma, gia ya pili na ya tatu hadi Soni. Geji ilipanda hadi katikati, ikasimama hapo.

Kipimo ninachokiamini ni cha kesho yake asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa. Kabla ya kuwasha, bonyeza bomba la juu la rejeta kwa vidole. Likiwa gumu, lina presha baada ya kulala usiku kucha, gesi ya silinda inaingia kwenye maji na hedi inarudi mezani. Baba mdogo alilibonyeza mara tatu, lilikuwa laini, akafungua kifuniko, kuleti ilikuwa pale pale tulipoiacha. Akapakia kabichi.